Baiskeli ya Vipande Kumi na Kimoja

Kiangazi kilichopita, majira ya saa nne asubuhi, wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, walisimama mbele ya kibanda cha fundi baiskeli ninapojishikiza hapa Kizwite, mjini Sumbawanga. Walikuwa wanatoka Kigoma kwenda Mbeya. Vumbi lilikuwa limewapaka mpaka kwenye kope, na baiskeli zao zimefungwa vifuko kila upande kama punda wa safari. Tyubu ya nyuma ya yule mama ilikuwa imetoboka. Fundi aliishika, mimi nikaleta karai la maji tutafute tobo.

Kiraka kilipokuwa kinakauka nikamwuliza yule bwana, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, hii ni baiskeli ya aina gani, maana si ile nyembamba ya lami wala si ile nene ya milimani. Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili cha kubangaiza kwamba ni baiskeli ya changarawe. Ni kitu kipya, akasema. Imetengenezwa kwa ajili ya barabara mbaya.

Kitu kipya! Fundi wangu, mtu mzima aliyeanza kuziba matobo tangu enzi za ruksa, aliinua macho akanitazama, kisha akarudi kwenye kazi yake bila neno. Mimi nilichukua futi kamba nikapima upana wa tairi lao: milimita 40. Jioni nilipofika nyumbani nikaishusha baiskeli ya babu kutoka darini, nikafuta buibui ubavuni mwa tairi. Maandishi yake bado yanasomeka: 28 kwa 1½. Inchi moja na nusu ni milimita 38. Tofauti ni milimita 2, ndugu msomaji. Milimita 2 na miaka zaidi ya 60.

Mimi si mwanahistoria. Nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni foo, na ninachotamani maishani ni kuandika riwaya. Lakini kabla ya kutunga ya kubuni nimeona nianze na ya kweli, tena upesi, kwa sababu bamkubwa anataka kuiuza baiskeli yenyewe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wameshakuja na mizani yao. Ina kilo 19.

*

Kwa asiyeijua Ufipa, avute picha ya meza kubwa iliyowekwa kati ya maziwa mawili. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki kuna Ziwa Rukwa, na yote mawili yako kwenye kimo cha mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Mji wetu wa Sumbawanga uko juu ya mita 1,700, na milima ya Mbizi inayotuangalia kutoka upande wa mawio inapita mita 2,400. Kwa hiyo Mfipa akitaka samaki, awe anakwenda Kasanga au anakwenda Muze, lazima ashuke karibu kilomita nzima ya kimo, na akirudi na samaki wake aipande tena. Juu kuna udongo mwekundu na nyasi, ukingoni kuna mawe, chini bondeni kuna mchanga, na masika yakianza kuna matope yanayoshika gurudumu kama gundi. Njia moja, safari moja, ardhi nne.

Watu wa nchi hii walikuwa mabingwa wa chuma kabla baiskeli haijazaliwa. Walijenga matanuru ya udongo yaliyoitwa malungu, marefu kupita mtu, mengine yakifika mita 3. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Majembe yakafuliwa, yakalima, yakalipiwa mahari. Kisha yakaja majembe ya viwandani kutoka Ulaya, mepesi na ya bei poa, na kufikia katikati ya karne ya 20 malungu yalikuwa yamezimika. Mengine bado yamesimama porini mpaka leo, mbuzi wanajikuna humo.

Naomba tulishike jambo hilo. Watu waliokuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe walifika mahali wakawa hawana budi kwenda mbali kukitafuta chuma cha wengine.

*

Baiskeli tunayoijua leo, yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo nyuma, ilitoka Coventry, Uingereza, mwaka 1885, kwa mkono wa John Kemp Starley. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Dunlop aliyekuwa daktari wa mifugo huko Belfast akatengeneza tairi la upepo. Watu husahau kwamba wakati huo hata Ulaya yenyewe ilikuwa na vumbi. Mashindano ya Tour de France yalipoanza mwaka 1903, washindani walipita njia za mawe na udongo, na mpaka mwaka 1937 hawakuruhusiwa kutumia vifaa vya kubadili gia njiani. Ndiyo kusema baiskeli ilizaliwa barabarani pabaya. Lami ndiyo iliyokuja baadaye.

Huku kwetu mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha mtu. Livingstone alipopita Ufipa mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, alitembea, na mizigo yake ilibebwa na watu. Wajerumani walipojenga boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg, walilishwa na migongo ya wapagazi. Waingereza walipoliteka boma hilo Juni 1916, nao walibebewa. Babu alikuwa akisema kwamba baba yake alikuwa na kipara katikati ya utosi ambacho hakikuwa cha uzee. Kilikuwa cha mzigo.

Sasa ndipo inapoingia mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Marekani, na ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu. Hiyo 62 ikazaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Mashamba yalitaka watu, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, lililotuma malori mpaka pembe za mbali za nchi. Ufipa ilikuwa pembe mojawapo. Waliochukuliwa wakaitwa manamba, kwa vile kila mtu alipewa namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kukatiwa alama. Hukumaliza kazi ya siku, siku hiyo haikukatwa. Kipande cha mwezi mmoja kingeweza kumaliza miezi miwili.

Babu aliondoka mwaka 1956, akiwa na miaka 22. Alimwacha bibi kijijini, kando ya milima ya Mbizi, mwendo wa nusu siku kutoka bomani, akiwa mjamzito. Alikaa Tanga miaka mitatu. Alipoulizwa baiskeli ile aliinunua shilingi ngapi, hakutaja shilingi hata siku moja. Alisema, "Vipande kumi na kimoja."

*

Ilikuwa Raleigh nyeusi ya Nottingham, yenye breki za vyuma, si za waya, na kengele iliyosikika ng'ambo ya mto. Kuinunua ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuifikisha nyumbani.

Wakati huo reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa hazijaunganishwa. Hilo lilifanyika mwaka 1963. Babu alipanda lori mpaka Morogoro, akaingia kwenye treni, akashuka Mpanda, kwenye tawi la reli lililofikishwa huko mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Kutoka Mpanda mpaka Sumbawanga ni kama kilomita 240. Wenzake watatu walisubiri lori. Yeye akasema ana lori lake.

Alitumia siku tano. Siku ya kwanza alifika Sitalike, akalala kwa wavuvi wa Mto Katuma, viboko wakikoroma karibu na ukuta. Siku ya pili mbung'o walimla mgongo porini, maana mwenye baiskeli ana mikono miwili tu na yote iko kwenye usukani. Siku ya tatu tyubu ya mbele ilipasuka pasipozibika. Akafungua tairi, akalijaza majani makavu mpaka likawa gumu, akaendelea. Namanyere alifika akiwa anatembea, na Chala akiwa anachechemea. Alipouona uwanda wa Ufipa, ule upana usio na miti, alisema alipanda tena kwenye baiskeli kwa aibu tu, ili watu wasimwone anaisukuma.

Kijijini watoto walimkimbilia. Mmoja tu alikimbilia upande wa pili. Huyo alikuwa mwanawe, bamkubwa wangu, mwenye miaka mitatu, ambaye alikuwa hajawahi kumwona baba yake. Babu akambeba akamweka kwenye mtaimbo, akapiga kengele. Mtoto akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Kisa hiki kimesimuliwa kwetu kila Krismasi na kila msiba. Watu hucheka hadi machozi. Bamkubwa hutabasamu, kisha hutoka nje kuangalia ng'ombe, hata mwaka ambao hatuna ng'ombe.

*

Kwa baiskeli ile babu alifanya biashara ya kushuka na kupanda. Alichukua maharage na ulezi huku juu, akateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka bonde la Rukwa, akarudi na mchele na kambale wakavu. Kushuka, mpira wa breki uliungua kabla ya nusu ya njia. Kwa hiyo alikata tawi kubwa la mti, akalifunga nyuma kwa kamba likaburuzika, na pale mteremko ulipozidi alikandamiza katambuga juu ya tairi. Soli ya katambuga ni tairi la gari. Mpira ukasimamisha mpira.

Kupanda ni hesabu nyingine. Nimehesabu meno ya gia zake: mbele 46, nyuma 20. Kila ukikanyaga pedali mzunguko mmoja, gurudumu linazunguka mara mbili na zaidi, yaani unakwenda kama mita 5. Penye tambarare hiyo ni neema. Penye mlima, na kilo 60 za mchele kwenye karia, hakuna goti la binadamu linaloweza. Wale wazungu wa Kizwite wana gia ndogo ambayo mzunguko mmoja wa pedali hauzungushi gurudumu hata mara moja kamili. Mtu anaparama kama kinyonga lakini amekaa. Babu hakukaa. Alisukuma, toka alfajiri mpaka jua linakuchwa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Kwa hiyo tukisema Wafipa waliendesha baiskeli milimani tunasema nusu ya ukweli. Waliendesha kushuka. Kupanda walitembea pamoja nayo, kama mtu na mgonjwa wake.

Chuma kile kilipita kila zama ya nchi hii. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974 na Sumbawanga kuwa makao makuu, babu alihamia Kizwite, vyombo vya nyumba nzima vikaja kwa safari tisa za karia. Ilipokuja vita ya Kagera, 1978 na 1979, na ule ukame wa bidhaa uliofuata, tairi lilikuwa adimu kuliko sukari. Babu alilishona lake kwa waya wa umeme. Watu walioweza walipata Swala za kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam. Baada ya mwaka 1985, Mzee Mwinyi alipofungua milango, zikamiminika Phoenix za China na Avon za India, na Raleigh ikaanza kuitwa ya wazee. Kisha zikaja pikipiki. Vijana wengi hawajui kwamba hata neno bodaboda lilianza na baiskeli, mpakani mwa Kenya na Uganda miaka ya 1960, waendeshaji wakivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Na barabara ya kutoka Tunduma, iliyokuwa ikila mabasi, ikawekwa lami, sehemu kubwa kwa fedha za msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008. Baiskeli ya babu ikapanda darini. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2016.

Na huko duniani, mambo yakazunguka yakarudi. Wamarekani waliochoka na magari ya lami wakaanza kushindana kwenye njia za vumbi. Mashindano ya Emporia, Kansas, yalianza mwaka 2006. Mwaka 2022 chama cha baiskeli cha dunia kiliandaa ubingwa wa kwanza wa changarawe huko Veneto, Italia. Hapa jirani, mwaka 2021, Kenya ilianzisha mashindano ya siku nne katika nchi ya Wamaasai, na mmoja wa waliouinua mchezo huo, Mkenya Sule Kangangi, alifariki kwa ajali akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabara ukafanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Nilisikiliza redioni. Nilifurahi, lakini nilijiuliza: katika historia hiyo ya changarawe, msukumaji wa Lyamba lya Mfipa anaandikwa ukurasa gani?

*

Na mimi nilidhani hapo ndipo makala yangu yangeishia, kwa kuwasuta wazungu kidogo na kumsifu babu. Nilikwenda kwa bamkubwa nikiwa na karatasi zangu, nikamsomea, nikitaka kumshawishi asiiuze. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeandika vipande kumi na kimoja. Umemwandika na dada yangu?"

Sikujua kwamba alikuwa na dada.

Alikuwa amemtangulia kwa miaka mitatu. Mwaka 1958, babu akiwa Tanga, msichana yule alishikwa na homa wakati wa masika. Bibi alimfunga mgongoni, akamwacha bamkubwa kwa jirani, akaanza kuteremka kwenda bomani kwa miguu. Ile nusu siku niliyoitaja juu, kwa mvua ilikuwa siku nzima. Walipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa. Bibi akasubiri yapungue. Maji yalipopungua, mtoto alikuwa ameshatulia.

"Kwa baiskeli," bamkubwa akasema, "pale ni saa moja na nusu. Hata kwa kusukuma. Wangefika kabla ya mvua." Akanyamaza. "Baba alikuwa kwenye kipande cha tano au cha sita. Mama hakumlaumu. Alikuja kuniambia mimi akiwa kitandani, karibu na kufa, akasema nisimwambie mtu kabla ya baba yako kuzikwa. Nyie mnacheka jinsi nilivyomng'ata."

Ndugu msomaji, nilikaa pale na makaratasi yangu nikaona ni mepesi mno. Nilikuwa nimehesabu meno ya gia, nimepima tairi kwa milimita, nimeweka miaka yote mahali pake. Sikuwa nimehesabu siku za bibi. Vitabu vinatuambia manamba walikuwa wangapi na mkonge ulikuwa tani ngapi, na ni vizuri kujua. Lakini kila kipande kilichokatwa alama Tanga kilikuwa na siku 30 zake Ufipa, ambazo mwanamke alilima peke yake, akabeba peke yake na akazika peke yake. Chuma kile hakikununuliwa kwa jasho la mtu mmoja. Nami siwezi tena kumwambia bamkubwa kwamba hana haki ya kukichukia.

Nikamwambia, "Basi iuze, bamkubwa. Nitaifikisha mwenyewe kwenye mizani."

Akasema, "Ngoja kwanza." Hakueleza. Siku ya tatu alikuja kibandani akaniletea tyubu mbili mpya, za kichina, amezifunga kwenye gazeti. Akasema nikimaliza kuandika nimwandike na yule mtoto, ila jina lake liwe la nyumbani. Kwa hiyo hapa silitaji. Nimelichora kwa msumari chini ya mtaimbo, mahali ambapo rangi imetoka.

Bamkubwa ana presha, na kila mwezi anakwenda kliniki. Mwezi huu hakuita bodaboda. Alipanda kwenye karia ya Raleigh, akashika shati langu, tukatoka Kizwite polepole, breki zikilia. Tulipofika kwenye kilima, kabla sijamwambia kitu, niliona baiskeli imekuwa nyepesi. Nikageuka. Alikuwa ameshuka mwenyewe, amevua koti, anasukuma kutoka nyuma.